Rimoti ya gari iligoma Ruangwa, kioo kikavunjwa bure

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wetu wa Nachingwea, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Ameniomba nisimtaje jina kwa sababu mumewe naye huusoma ukurasa huu, tena huanza nao kabla ya michezo. Ujumbe wake ulianza hivi: "Shikamoo mama. Naomba uniambie ukweli, ufunguo wa gari niliuharibu mimi au uliharibika wenyewe? Maana nyumbani kwangu neno hili halijaisha mpaka leo."

Mkasa wenyewe ni huu. Jumamosi moja alikwenda Ruangwa kumjulia hali shangazi yake aliyetoka hospitalini. Mumewe alibaki Nachingwea kwa kazi, kwa hiyo aliendesha mwenyewe akiwa na watoto wake. Wakati wa kurudi akapitia sokoni kununua mahitaji. Alipolirudia gari, yapata saa kumi na moja jioni, akabonyeza rimoti. Kimya. Akabonyeza tena na tena mpaka kidole gumba kikauma. Mtoto mdogo, ambaye tangu mchana alikuwa na homa, akaanza kulia. Akampigia mumewe simu, na swali la kwanza alilopata lilikuwa, "Umeuangusha wapi?"

Vijana wakajaa. Mmoja akahangaika na waya kwenye mpira wa mlango, akashindwa. Mwingine akashauri kivunjwe kile kioo kidogo cha nyuma, kwani kikubwa ni ghali zaidi. Kikavunjwa, mkono ukapenyezwa, mlango ukafunguliwa kwa ndani. Hapo alamu ikaanza kulia na soko zima likamtazama mwalimu kama mwizi. Baya zaidi, baada ya yote hayo gari halikuwaka. Kwenye dashibodi kikawaka kitaa cha alama ya ufunguo, na kila alipobonyeza kitufe cha kuwashia, hakuna kilichotokea. Mtoto akapelekwa zahanati kwa bodaboda, nao wakalala kwa shangazi.

Jumapili asubuhi alikuja fundi. Aliichukua ile rimoti, akaigeuza, akasukuma kidude kidogo ubavuni kwa ukucha, akachomoa ufunguo wa chuma kutoka tumboni mwake. "Mama," akasema, "huu jana ulikuwa nao?" Alikuwa nao. Alikuwa nao mkononi kwa miaka miwili, hakuna aliyemwambia.

Mwanangu, jibu langu ni fupi: hukuharibu kitu. Betri iliisha, kama inavyoisha ya saa ya ukutani. Lakini sitaishia hapo, kwa sababu ujumbe wa namna hii nimeupata mara nyingi kuliko mnavyodhani. Fedha za korosho na ufuta zikiingia, watu wa kusini hununua magari, na mengi ni yale yaliyotumika Japani, yenye funguo za vitufe. Anayekabidhiwa gari ni baba. Anayeelezwa ni baba. Ufunguo wa pili, kama upo, hufungiwa kabatini na baba. Halafu siku likigoma barabarani, aliyemo ndani ni mama na watoto. Yule mume, mkewe alipomuuliza kuhusu ufunguo wa chuma, alijibu, "Nilidhani unajua." Sina ugomvi na mume huyo, simfahamu. Ila hilo neno "nilidhani unajua" limeshavunja vioo vingi.

Sasa tuelewane kwanza kilichomo ndani ya kile kidude. Mna vitu vitatu vinavyokaa nyumba moja lakini havitegemeani. Cha kwanza ni kirusha mawimbi, ambacho ndicho kinachofungua na kufunga milango ukibonyeza. Hicho kinakula betri. Cha pili ni chipu ndogo ya utambulisho, ambayo gari huisoma kabla ya kukubali kuwaka. Hiyo haitumii betri kabisa. Gari lenyewe huipa umeme kidogo kwa mawimbi ikiwa karibu. Cha tatu ni chuma, ufunguo wa kawaida kama wa babu zetu. Kikifa kimoja, viwili vilivyobaki kwa kawaida viko hai. Ukilishika hili, nusu ya hofu imekwisha.

Kwa hiyo gari lako likiwa la kuchomeka ufunguo na kuzungusha, rimoti ikigoma huna tatizo kubwa: fungua mlango kwa chuma, chomeka, washa. Likiwa la kitufe, kama la mwalimu wetu, tafuta kile kidude cha kusukuma ubavuni au nyuma ya rimoti, chomoa chuma, kisha tafuta tundu kwenye mlango wa dereva. Kwenye baadhi ya magari tundu limefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kitasa. Ukifungua kwa chuma alamu inaweza kulia. Usikimbie, wala usiwaeleze watu kwa aibu. Itanyamaza gari likiwaka au likiutambua ufunguo.

Ndani, kanyaga breki, chukua rimoti iliyokufa na uiguse kwenye kitufe cha kuwashia. Kwa Toyota nyingi ule upande wenye nembo ndio unaogusa kitufe. Subiri mlio mdogo au taa ibadilike rangi, halafu bonyeza mara moja. Gari linawaka. Baadhi ya Nissan zina kitundu maalumu karibu na usukani. Unaisukumiza rimoti yote humo. Hicho tu ndicho mwalimu alichokosa Jumamosi ile. Angefika nyumbani kabla ya isha.

Kabla ya kuilaumu rimoti, hakikisha kwanza kwamba aliyekufa si gari. Betri kubwa ya gari ikiisha, rimoti inaweza kuwa nzima kama mpya lakini upande wa pili hakuna wa kuisikia. Fungua kwa chuma, utazame: taa ya ndani inawaka? Honi inalia? Kama kila kitu ni giza, tafuta jirani akubusti. Kama taa zinawaka vizuri lakini hata kitufe cha kufungia milango kilichoko mlangoni kwa dereva hakifanyi kazi, tazama fyuzi kabla ya kununua chochote. Na kama una ufunguo wa pili, jaribu huo kwanza kuliko yote. Wa pili ukifanya kazi, mgonjwa ni wa kwanza. Yote miwili ikigoma siku moja, mgonjwa ni gari.

Mtu mmoja aliwahi kunifundisha kuipima rimoti kwa kamera ya simu: elekeza, bonyeza, utaona mwanga. Nilijaribu, sikuona kitu, nikaitupa rimoti nzima kwenye droo wiki nzima. Ujanja huo ni wa rimoti ya televisheni. Nyingi za magari hutumia mawimbi ya redio, na kamera haiyaoni.

Ikiwa rimoti inafanya kazi ukisogea karibu na mlango lakini si kwa mbali kama zamani, hiyo ni betri inayoaga. Dalili hiyo huja wiki kadhaa kabla, nasi hujifanya hatuioni. Kama inagoma mahali pamoja tu, tuseme karibu na mnara wa simu au mitambo ya redio, halafu ukisogeza gari inafanya kazi, usibadilishe kitu. Mawimbi ya jirani yanaizidi nguvu. Shika ufunguo karibu na kitasa ujaribu tena.

Betri yenyewe ni ile ya kidonge, bapa, inayong'aa. Imeandikwa namba, na namba hiyo si pambo. CR2032 maana yake ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ina unene wa 2.5, na CR2016 ina 1.6. Zote zina volti 3, na ndiyo maana muuzaji atakwambia "zote sawa tu mama". Si sawa. Ukiweka nyembamba mahali pa nene itacheza humo ndani, leo inashika, kesho haishiki, nawe utarudi kwenye kumlaumu mtu aliyeiangusha. Piga picha ya betri ya zamani ikiwa bado ndani, ionyeshe namba na upande uliotazama juu, ndipo uende dukani na picha hiyo. Mimi nilishawahi kuigeuza juu chini, nikamwambia fundi kwamba ameniuzia betri mbovu mbele ya wateja wake. Aliifungua, akaigeuza, akanirudishia bila neno.

Nunua iliyofungwa yenyewe kwenye karatasi yake, yenye tarehe ya mwisho inayosomeka, si ile inayobingirika kwenye kopo pamoja na skrubu. Kama muuzaji ana mita ya umeme, aipime mbele yako: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma 2.7 iache hapo hapo. Kufungua rimoti, baada ya kuchomoa chuma utaona kijiufa. Ingiza bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa, zungusha taratibu. Usitumie kisu cha jikoni, ubao wa ndani ni mwembamba kama kadi. Futa visahani vya chuma vinavyoigusa betri kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu la kiangazi hupenya mle, na likikutana na jasho la mfukoni hufanya ukoko.

Ukishabadilisha betri, magari mengi ya Japani hayasahau ufunguo wake. Kwa hiyo fundi akikwambia kila ukibadilisha betri lazima alipwe fedha ya "kuprogramu upya", mwombe kwanza ajaribu bila kuprogramu. Ziko hali chache ambapo rimoti na gari hupotezana, hasa mtoto akichezea vitufe mbali na gari kwa siku nzima. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma namba mpya na gari hutegemea namba iliyo jirani na ya mwisho. Ikiruka mbali mno, gari haliitambui. Aghalabu huponywa kwa hatua fupi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu hicho mara nyingi kimeandikwa Kijapani, najua, lakini programu za kutafsiri kwa simu siku hizi husoma picha, na kijana yeyote wa sekondari hapo nyumbani atakusaidia.

Rimoti iliyofuliwa na suruali? Usibonyeze kuona kama ni nzima. Kubonyeza ikiwa na maji ndiko kunakoiua. Ifungue, toa betri, futa ubao kwa brashi laini na spiriti, iache kivulini mahali penye upepo siku nzima. Usiianike kwenye bati. Usiifukie kwenye mchele pia. Mchele una vumbi lake, na bado utauhitaji kwa chakula.

Vitufe vikiwa vimechoka, fundi simu mzuri anaweza kulehemu kitufe kipya, kazi ya nusu saa. Wengi hununua kava jipya, na hapa naomba msimame kidogo. Kwenye funguo za kuzungusha, ile chipu ya utambulisho mara nyingi ni kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi, kimebanwa peke yake kwenye kona ya kava la zamani. Watu huhamisha ubao wenye vitufe, hupendezwa na kava jipya, la zamani hutupwa jalalani. Gari linafunguka vizuri kabisa, halafu haliwaki. Namfahamu mzee aliyelichambua shimo la taka nyuma ya nyumba kwa chekecheo la mchanga, akaipata siku ya pili. Usitupe kava la zamani mpaka umewasha gari, umelizima, umeliwasha tena.

Kama rimoti imekufa kabisa na unatafuta nyingine, kufanana umbo hakutoshi. Rimoti za soko la Japani na za soko la Ulaya kwa kawaida hazitumii masafa sawa; nyingi za Japani ziko karibu na megahezi 315 na za Ulaya 433. Mpe fundi namba zilizo nyuma ya ubao wa zamani kabla hujatuma fedha. Na ufunguo wa pili utengenezeni sasa, mmoja ukiwa bado unafanya kazi. Magari mengi yaliyotumika hufika na ufunguo mmoja tu. Kuongeza wa pili kwa kutumia wa kwanza ni kazi ndogo kwa mwenye kifaa. Kuanza upya pale yote inapopotea ni kazi kubwa, na wakati mwingine hulazimu kufungua kompyuta ya gari. Ulizieni Masasi, Lindi na Mtwara kabla ya kupanda basi la Dar.

Wazee wa Nachingwea wanalijua hili la mashine na ujuzi kuliko mimi. Mji wao ulikuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa matrekta na reli ya kwenda Mtwara, na mwaka 1951 ukawa umekufa. Reli nayo iling'olewa baadaye. Chuma kikiwepo bila mtu wa kukijua, hubaki chuma.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikubali kuandika juu ya magari kwenye ukurasa wa familia. Mwishoni mwa ujumbe wake mwalimu aliandika, kama jambo la pembeni tu, kwamba betri ya zamani "mtoto anaichezea, inang'aa".

Mwanangu, inyang'anye sasa hivi.

Betri hiyo ya kidonge, hata ile iliyoshindwa kufungua gari, ina umeme wa kutosha kuunguza koo la mtoto. Ikikwama kwenye umio, ule unyevunyevu huunganisha pande zake mbili, na mahali inapogusa hutengenezwa kemikali kali kama magadi ya kuunguza. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imechimba kidonda kikubwa. Hizi za milimita 20 ndizo hatari zaidi kwa mtoto mdogo, maana ukubwa wake hukwama. Mtoto anaweza kutoa udenda, kukataa chakula, kukohoa au kutapika. Anaweza pia asionyeshe dalili yoyote, akaendelea kucheza.

Ukishuku tu kwamba amemeza, usisubiri kuiona chooni. Mpeleke hospitali moja kwa moja, sema neno "betri" mlangoni kabisa, uombe picha ya eksirei. Usimtapishe. Usimpe ndizi wala ugali eti aisukume. Kama ametimiza mwaka mmoja, bado anameza vizuri na hazijapita saa 12, mpe asali njiani, vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali hupunguza ule uunguzaji lakini haitibu, na kuitafuta kusikucheleweshe hata dakika moja. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Aliyeingiza puani au sikioni naye aende haraka vilevile. Kwa anayeishi Nachingwea au Ruangwa, rufaa ya kwenda Ndanda, Lindi au Mtwara ni safari, kwa hiyo zile saa mbili zinaanza kuhesabiwa tangu nyumbani. Betri iliyotolewa izungushie selotepu pande zote, iweke juu pasipofikiwa, na siku ya kwenda mjini mpelekee fundi.

Jingine la watoto: magari mengi ya kitufe hukataa kujifunga kama ufunguo umo ndani. Lakini betri ya rimoti ikidhoofu, gari linaweza lisiutambue. Usiache ufunguo kwenye kiti na mtoto ndani, ukajiamini kwamba gari lina akili. Ikitokea amefungiwa kwenye jua na hakuna ufunguo, hapo kioo kivunjwe bila mjadala, kile kilicho mbali naye.

Kwa nyumbani kwako, mwalimu: rimoti isilale juu ya televisheni wala kando ya chaja ya simu, iwe walau mita moja mbali, kwa sababu mawimbi huifanya ikae macho na kula betri. Isining'inizwe ukutani karibu na lilipoegeshwa gari. Betri ya akiba iwe kwenye mkoba wako, ndani ya karatasi yake. Jioni moja gari likiwa uani, jifanyeni rimoti imekufa: toeni betri, wewe ufungue kwa chuma na kuwasha, mumeo akiwa amesimama pembeni amefunga mdomo. Halafu yeye naye ajaribu. Nina hisia kwamba hajawahi.

Umeniuliza pia kama umdai fedha ya kioo. Lipieni nusu kwa nusu. Na ule ufunguo wa pili utoke kabatini kabla ya Jumamosi, uende kwenye mkoba wako.